Mwaka Shemeji Aliponishinda Kolesteroli

Shemeji yangu ni mtu mzuri, sikatai, ila ana domo. Siku haya ilipokuwa inagawiwa, yeye alikuwa jikoni anaonja mchuzi. Ni mume wa mdogo wangu, ana bucha inayojaa watu tangu asubuhi, ana tumbo linalotangulia kuingia mlangoni, na kwa miaka mingi kulikuwa na mchezo mmoja ambao nilikuwa namgaragaza bila huruma. Kumshinda kwenye mchezo huo kulinipa raha kuliko kuuza seti nzima ya makochi. Mchezo wenyewe ni kolesteroli.

Msinicheke. Wengine wanacheza karata. Sisi, tangu mama yetu atutoke, kila mwaka siku ya kumbukumbu yake tunaamka bila kula, tunakwenda maabara anakofanya kazi mdogo wangu, tunatolewa damu, halafu mchana tunakutana kwangu mezani. Mama aliondoka ghafla kwa moyo, na mdogo wangu akaapa kwamba hakuna mwingine wa nyumba hii atakayeondoka bila kupimwa. Lakini ukiwa na shemeji kama wangu, jambo zito halikai zito. Mwaka wa kwanza tu alishika bahasha za majibu, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Haya, mwenye mafuta mengi ndiye ataosha vyombo." Alidhani amenipata, maana nilikuwa nimenenepa kidogo. Bahasha zikafunguliwa. Yake juu, yangu chini kabisa. Nikaenda mwenyewe kuleta aproni ya mama, ile ya maua yenye marinda, nikamfunga kiunoni. Kamba zilikutana kwa shida.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila mwaka shemeji anasimama kwenye sinki na marinda yake, mimi nimeweka miguu juu ya stuli, namsimamia.

"Sufuria hiyo bado ina ukoko, shemeji. Sugua!"

"Shemeji, wewe si bure. Unakula vitumbua kama mimi, unakunywa chai ya maziwa kama mimi. Hayo mafuta unayapeleka wapi?"

"Kuna watu wamezaliwa na damu safi," namjibu. "Wengine wamezaliwa na supu."

Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Na mimi, kusema kweli, kichwa kilikuwa kimenivimba.

Mimi ni fundi makochi. Wateja wananiita Mama Misumari, kwa sababu nikiwa kazini naweka misumari midogo mdomoni, naitoa mmoja mmoja kwa ncha ya nyundo ya sumaku, na hapo hapo naweza kugombana na mteja bila kumeza hata mmoja. Kazi hii ni ya vidole. Unavuta kitambaa kikaze, unakunja pembe, unashona kwa sindano iliyopinda mahali ambapo jicho halifiki. Na vidole ndivyo ugonjwa wangu ulivyovikamata. Nina baridi yabisi. Asubuhi ninaamka mikono imevimba, vidole havikunjiki mpaka nivitumbukize kwenye beseni la maji ya moto, na kuna siku hata kifungo cha gauni nilikuwa naomba mtu anifungie. Mtu mwenye hasira zangu kuomba afungiwe kifungo! Niacheni tu.

Ugonjwa huo nimeurithi. Mama naye alikuwa nao. Alikuwa mshonaji wa nguo, na alikufa mchana kweupe, amekaa kwenye kochi lake la mtu mmoja, shati la mteja mapajani, redio inaongea. Alikaa, akaanza kushona kifungo, hakuinuka tena. Kochi hilo lilikuwa kwenye kona ya karakana yangu, nimelifunika shuka. Kitambaa kilikuwa kimechanika, springi moja imechungulia nje. Kila mteja aliyeingia aliniuliza fundi gani huyu ana kochi bovu dukani. Nilikuwa nawaambia nitalishona vidole vikipata nafuu. Vidole havikupata nafuu, na mimi sikuwa na haraka ya kulifunua.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa ninaukaribia umri ambao mama aliishia. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa ninaujua vizuri sana.

Daktari wangu wa viungo ni binti mwembamba, mpole mpaka anaudhi. Nilimbandika jina Dokta Pole. Ukimwambia goti linauma, pole. Ukimwambia umechelewa, pole. Siku moja nikamwendea na majibu yangu ya damu, nimeyashika kama cheti cha shule.

"Tazama, daktari. Viungo vinaniua, lakini mafuta yangu yako chini kuliko ya mtoto mdogo."

Akasoma. Hakutabasamu. Akafungua majibu ya nyuma kwenye kompyuta yake, akayasoma nayo.

"Mama, wakati ugonjwa umetulia namba hii ilikuwa juu zaidi. Sasa viungo vinawaka, nayo imeshuka. Hii hainifurahishi hata kidogo."

"Ala! Imeshuka halafu haikufurahishi?"

"Haiishii kwenye vidole, mama. Ni moto wa mwili mzima. Mwili ukiwaka hivi, kolesteroli kwenye damu inaweza kushuka, na huku mishipa ya moyo inazidi kuharibika. Namba hii inakwambia mafuta ni kiasi gani kwa jumla. Haikwambii yamefungwa vipi. Mafuta yanabebwa kwenye damu ndani ya chembe. Wewe ninaogopa chembe zako zimekuwa ndogo ndogo, nzito, nyingi, za kupenya kwenye ukuta wa mshipa na kubaki humo. Na zile nyingine, ambazo kazi yake ni kuyazoa mafuta na kuyarudisha kwenye ini, moto huu unazifanya zilegee."

Nikampa vidonge vyake vya maneno. Nikamwambia, "Binti yangu, mwenye mafuta mengi mnamwita mgonjwa. Mwenye mafuta machache mnamwita mgonjwa. Sasa mzima ni nani, ni wewe peke yako?"

"Pole, mama," akasema. "Twende tukaitazame shingo."

Nikalazwa, nikapakwa kitu cha baridi shingoni, akapitisha kile kimashine chake taratibu huku anatazama skrini. Nikageuza macho na mimi nitazame. Mshipa wangu ulikuwa pale, mweusi, unadunda. Na kwenye ukuta wake, upande mmoja, kitu cheupe kimeng'ang'ania. Hakuna aliyenieleza. Nimesimamia usafi wa sufuria miaka mingi, nikiuona ukoko ninaujua.

"Huo ni ukoko," nikasema.

"Ndiyo, mama. Ni mdogo bado, haujaziba njia. Tunaweza kuusimamisha hapo hapo ulipo."

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: mama alipopimwa mara ya mwisho, mafuta yake yalikuwaje? Mdogo wangu akaacha kukunja. Akakaa kitandani, shuka mkononi.

"Yalikuwa chini, dada. Chini sana. Mimi mwenyewe ndiye nilimpima. Hukumbuki? Tulimpigia makofi."

Nilikumbuka. Mama alikuwa amecheka, akainua mikono yake iliyopinda akashangilia na yeye. Wakati ule hakuna aliyetuambia lolote kuhusu chembe, na hata angetuambia tusingeelewa. Mdogo wangu akaanza kulia, na mimi nikalia, kisha nikamgombeza aache kulia. Nilikuwa naogopa. Sijui niseme vipi tena, niliogopa kufa kwenye kochi nikiwa na damu safi.

Dokta Pole akaniandikia dawa mbili. Moja mpya, kali kidogo, ya kuutuliza ugonjwa wenyewe. Ya pili, kidonge cha kushusha kolesteroli. Ya kwanza nikaichukua kwa mikono miwili. Ya pili nikamrudishia mezani.

"Hiyo hapana. Mimi bingwa wa miaka yote, leo shemeji asikie nakunywa dawa ya kolesteroli? Atacheka mpaka alazwe."

"Mama, moyo wako na shemeji yako ni vitu viwili."

"Wewe humjui shemeji yangu."

Akanisihi, nikakaza shingo, ile ile yenye ukoko. Akaniambia basi tuanze na moja, lakini kidonge kile kinanisubiri. Anasema siku hiyo hiyo alinionya kwamba moto ukishuka, namba inaweza kupanda, nisishtuke. Inawezekana. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka.

Dawa ile, jamani, isikieni kwa watu. Asubuhi moja niliamka, nikafunga kifungo cha gauni, nikafika nusu ya njia ya kwenda kazini ndipo nikashtuka kwamba nimekifunga mwenyewe. Nilisimama barabarani nikakifungua nikakifunga tena, watu wananishangaa. Nikarudi kwenye sindano iliyopinda. Nikashona pembe za makochi ya ofisi moja kubwa, pembe zilizonyooka mpaka mwenye ofisi akazipapasa. Beseni la maji ya moto likageuka la kufulia.

Ikafika siku ya kumbukumbu. Tukapimwa, tukakutana mezani. Shemeji alikuwa ametulia kupita kawaida yake, na mimi nilipaswa kushtukia hapo. Kumbe mwaka mzima bwana huyu alikuwa anatembea asubuhi kabla ya kufungua bucha, ameacha kukaanga, ameacha hata supu ya mifupa, na hakumwambia mtu. Mdogo wangu akafungua bahasha. Akasoma ya mumewe. Akasoma yangu. Akairudia yangu.

"Dada," akasema, "imepanda."

Shemeji hakungoja. Aliruka, na mtu wa uzito ule akiruka vikombe vinajua. Akazunguka meza, akapiga simu buchani wafanyakazi wake washangilie, akatoka mpaka barazani kuwatangazia majirani ambao hawakuuliza. "Supu imeishinda damu safi!" Kisha akarudi na aproni ya mama mikononi, ameikunja vizuri kama anayekabidhi bendera.

"Shemeji," akasema, "karibu kwenye marinda."

Mimi sijawahi kukataa kushindwa, ila sijawahi kupenda kushindwa. Nilifunga aproni nikasimama kwenye sinki. Nilisugua sahani, nikasugua vikaango, nikanyanyua lile sufuria la chuma la mama, nikaligeuza, nikalisugua ndani na nje mpaka likang'aa, huku yule mtu amekalia kiti changu, miguu yake juu ya stuli yangu, ananielekeza. Nilikuwa nafoka moyoni. Si kwa sababu ya vyombo. Nilikuwa najiambia, kumbe ni dawa. Nimekuwa na namba nzuri miaka yote, binti mmoja amenipa dawa, namba imepanda. Na nina ukoko shingoni. Mtu mwenye ukoko anaongezewa mafuta, huko si kumchimbia kaburi?

Kesho yake nikaitia dawa kwenye mfuko wa plastiki, nikaifungia kabatini. Sikumwambia mdogo wangu wala daktari. Nilijiona nimeokoa roho yangu.

Vidole havikukawia. Kwanza ukakamavu wa asubuhi, halafu uvimbe, halafu beseni likarudi kazini. Siku moja nilitaka kuchukua msumari, ukaniponyoka, nikauokota, ukaniponyoka. Mwishowe nikaupiga teke. Nikakaa pale karakana nikilitazama lile shuka kwenye kona. Hasira zikanipanda. Nikajiambia, kama sitalifungua kochi hili leo, kwa mikono hii, sitalifungua tena maisha yangu. Nikalivuta shuka, nikachukua koleo, nikaanza kung'oa misumari aliyoipigilia fundi wa zamani huko. Kila msumari ulikuwa vita. Machozi yalikuwa yananitoka kwa maumivu na kwa mengine.

Ndipo shemeji akaingia. Huwa ananipitishia nyama, hata wakati tumenuniana. Akaniona, akaweka mfuko chini.

"Lete hapa," akasema, na hakutania. Akashika kitambaa cha kiti kwa viganja vyake vya bucha, akavuta. Kikatoka chote kwa mpigo mmoja.

Unga ukamwagika. Wa njano, laini, mwingi, ukajaa sakafuni na kwenye viatu vyake. Ilikuwa sponji ya mama. Miaka ya kukaliwa na joto ilikuwa imeisaga. Nikapiga magoti nikaangalia. Vipande vilivyokuwa vizima bado vilikuwa pale pale juu, kitambaa cha ndani kimevizuia. Lakini ule unga ulikuwa umepenya. Umepita kwenye kitambaa, umepita kwenye gunia la chini yake, umejazana ndani ya springi zikakwama kama zimemwagiwa saruji. Hata kwenye viungo vya mbao ulikuwa umo.

Shemeji akaokota kipande cha sponji kilichobaki, akakipima mkononi kama anavyopima nyama.

"Imebaki kidogo hivi? Ukiiweka kwenye mizani yangu, mtu atasema kochi hili halina kitu."

Hebu fikirieni, mimi ni fundi, vitu hivi nimeviona maisha yangu yote. Sponji nzima haijawahi kupenya kitambaa. Ikichoka, ikisagika, mizani inakwambia ni nyepesi, na wewe unafurahi, kumbe ndiyo inaingia kila mahali. Nikamsikia yule binti na sauti yake ya upole: ndogo ndogo, nyingi, za kupenya kwenye ukuta. Mama alikuwa ameliketia jibu lake mwenyewe.

"Shemeji," yule bwana akasema, na alikuwa anaitazama mikono yangu. "Mbona imerudi hivi? Siku ile mbona ilikuwa mizima?"

"Siku gani?"

"Siku niliyokushinda. Sufuria la chuma ulilinyanyua kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nakucheka, lakini nilikuona. Nilimwambia mke wangu njiani, dada yako amepona."

Mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Niliosha vyombo vya watu wote, nikasugua vikaango, nikanyanyua sufuria ambalo sikuwa nimelishika kwa miaka, na hasira ya kushindwa ikanifumba macho nisione kwamba nina mikono. Nikakaa sakafuni kwenye ule unga. Nikamwambia yote, dawa, mfuko, kabati.

Nilitegemea acheke. Uso wake ulibadilika, akanijia juu kwa mara ya kwanza tangu amuoe mdogo wangu.

"Wewe mwanamke una akili kweli? Mimi nikikuzika nitagombana na nani? Nani ataniambia nina supu kwenye mishipa? Simama!"

"Una wateja, bucha iko wazi."

"Nimesema simama!"

Alifunga bucha saa ambayo foleni imefika nje, akawaambia watu wamsamehe, ana mgonjwa. Tukaenda kliniki kwenye gari lake la kubebea nyama, yeye na aproni yake yenye damu, mimi nimejaa unga wa njano mpaka kwenye nywele. Mlinzi alitaka kutupeleka idara ya ajali.

Dokta Pole alisikiliza, akasema pole. Sikumfokea. Nikamwambia, "Daktari, rudia yale ya siku ile. Leo masikio nimekuja nayo."

Akarudia. Namba ilipanda kwa sababu moto ulikuwa unazimika, mwili unarudi kwenye hali yake. Chembe zinaanza kuwa kubwa tena, na zile za kuzoa zinaamka. Si lazima iwe hivyo kwa kila mgonjwa, akasema, ndiyo maana atapima chembe zenyewe, si namba ya jumla peke yake. Ila kwa kuwa ukoko upo, hatuwezi kuiacha namba ipande tu. Hapo ndipo kinapoingia kile kidonge cha pili.

"Kilete," nikasema.

Shemeji akakohoa. "Daktari, na mimi?"

"Wewe endelea kutembea," akamjibu. "Na mpitie huyu asubuhi mwende wote."

Basi adhabu yangu ikawa hiyo. Kila asubuhi mtu mnene na mtu mwenye magoti mabovu, wanatembea barabarani wanabishana. Mwanzo nilikuwa nafika kwenye duka la vinyozi nikasimama. Baadaye tukalipita. Baadaye yeye ndiye akawa anasema, "Shemeji, punguza mwendo, hatukimbizwi." Siwezi kuwaeleza utamu wa sentensi ile.

Vidole vikarudi. Safari hii kila kifungo nilichofunga nilikiona. Na mkono uliponyooka vizuri, nikalishughulikia kochi la mama. Nilifagia ule unga wote, nikasafisha springi moja moja, nikafunga mikanda mipya, gunia jipya, sponji nzito mpya. Nikatia misumari mdomoni, nikapiga. Kitambaa nilichagua cha kijani kibichi, rangi ya gauni alilolipenda, na pembe zake nilizikunja hivi kwamba nikifa fundi mwingine atazifungua akione cha mtema kuni.

Mwaka ukazunguka. Kabla ya siku ya kumbukumbu Dokta Pole aliniita. Nikalala, nikapakwa kitu cha baridi, nikageuza macho kwenye skrini. Akapima, akapima tena, akaweka picha ya zamani pembeni ya mpya.

"Haujaongezeka," akasema. "Hata kidogo."

Majibu ya chembe nayo alikuwa nayo, damu ilikuwa imepelekwa maabara kubwa na kurudi. Zile ndogo za kupenya zilikuwa zimepungua sana. Kisha binti yule, ambaye maisha yake yote amekuwa akinipa pole, akasimama, akanishika mikono yote miwili, vidole vyangu vilivyonyooka ndani ya vyake, akasema, "Hongera, mama."

Nililia pale kitandani na shingo yangu ina utelezi. Sikujali nani ananiona.

Siku ya kumbukumbu tukakutana mezani. Umri wa mama nilikuwa nimeshaupita, na safari hii nilimwambia kila mtu, hata aliyeleta mkate. Bahasha zikafunguliwa. Yangu chini. Ya shemeji juu kidogo. Mdogo wangu akapiga makofi halafu akayasimamisha katikati, akanitazama.

"Piga," nikamwambia. "Haya tumeyapima mpaka ndani. Piga!"

Akapiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Shemeji akanyanyuka kwa unyonge wa kuigiza, akaenda kuchukua aproni. Nikamnyang'anya.

"Leo naosha mimi."

"Ebo! Umeshinda halafu uoshe? Kuna mtego gani hapa?"

"Hakuna mtego. Nina mikono, nataka kuitumia. Lakini kwanza nileteeni chai."

Kochi la mama nilikuwa nimelileta kutoka karakana na kuliweka karibu na dirisha. Hakuna aliyekuwa amelikalia. Nikaliendea. Shemeji akaenda jikoni kuchukua chai. Nikakaa. Springi zikanipokea vizuri, kimya kimya. Moyo ulikuwa unadunda nikausikiliza, nikauacha udunde. Shemeji akaleta chai kwa mikono miwili. Nikainywa taratibu, bila haraka na mtu, mpaka nikaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako cha kikombe.

Kisha nikafunga kamba za aproni nyuma ya kiuno changu, fundo zuri, kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikainuka.